Feni Lililomuua Shemeji

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa mafeni ya kiwandani, mtu ambaye angemtania hata mchimba kaburi. Feni kubwa lililomuua shemeji yake lilikuwa limefungiwa ghalani tangu mazishi, na sasa bosi alitaka lirudishwe kazini.

"Feni halina kosa," bosi alisema. "Shemeji yako ndiye aliyekuwa na haraka."

Fundi aliomba kimoyomoyo alikute limekufa. Feni lililowekwa ghalani lazima lizungushwe kwa mkono kila mwezi, la sivyo beringi, vile vyuma linavyozungukia, huganda. Kwa mafeni yote ya ghalani, kazi hiyo ilikuwa ya marehemu, na kila alipomaliza alichora mstari wa chaki kwenye panga la feni. Tangu azikwe, hakuna aliyelishika.

Alifungua kufuli. Taa ilikuwa imeungua, na vumbi la sakafuni halikuwa na unyayo.

"Shemeji, hujambo humo?" alitania.

Gizani kukasikika: fyuu... fyuu...

"Linazunguka?" bosi aliuliza kutoka mlangoni.

Akaligusa. Likateleza vidoleni, laini kama lililopakwa grisi jana.

"Linazunguka," akajibu kwa uchungu.

"Si nilikwambia? Lipakie!"

Akawasha tochi ya simu. Kwenye panga palikuwa na mistari ya chaki, mmoja kwa kila mwezi tangu mazishi. Wa mwisho ulimwachia unga mweupe kidoleni.