Jina Lililokosekana Kwenye Kibao

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Digna alikata majani ya ng'ombe, akafagia uwanja, kisha akainama chini ya lori la babu kutafuta mayai. Kuku walilipenda lori hilo kuliko banda walilojengewa. Lilikuwa limesimama kando ya migomba tangu mama yake Digna hajazaliwa, matairi yamezama ardhini, rangi ya buluu imebaki mlangoni tu.

Tangu Babu Filemon afariki mwezi wa nne, Digna alikuwa na desturi nyingine. Akishaokota mayai, alipanda kwenye kiti cha dereva, akalia kidogo, akafuta machozi, ndipo akaenda shule.

Sasa hata lori lilikuwa linaondoka. Jumba moja la makumbusho ya magari mjini Moshi lilikuwa limeliomba, kwa kuwa malori ya zamani yaliyoshusha kahawa kutoka mlimani yamebaki ya kuhesabu. Bi Herieth, mtunzaji wa jumba hilo, aliomba pia historia yake, iandikwe kwenye kibao kitakachosimama mbele ya lori.

"Macho yangu yamechoka," Bibi Lukresia alimwambia mjukuu wake. "Mimi nitasema, wewe andika. Na usipunguze kitu."

Bibi alisimulia habari za magunia ya kahawa, matope ya masika, na jinsi watoto walivyolikimbilia lori wakishangilia. Kisha sauti yake ikashuka. Mwaka 1974 breki zilikuwa mbovu, na babu alijua. Fundi alimkataza kuliendesha. Lakini kahawa ilikuwa inangojewa, akaondoka nalo hivyo hivyo. Kwenye mteremko wa kwenda Kwa Sadala breki zikakataa, lori likapinduka. Utingo wake, Elinipendo, kijana wa miaka kumi na tisa, alifariki papo hapo. Lori likavutwa hadi nyumbani, na babu hakushika usukani tena.

Digna aliweka kalamu chini. "Bibi, mkono umechoka. Inatosha."

Moyo ndio uliokuwa unauma. Babu yake mpole, watu wa mjini wasome kwamba alisababisha kifo? Alipobaki peke yake alinakili habari yote kwa mwandiko safi, na mahali pa ajali akaandika: "Lori hili halikupata ajali hata siku moja." Bibi alipouliza kama yote yamo, alijibu bila kumtazama, "Yamo, bibi."

Siku ya kulichukua lori, majirani walijaa uwanjani. Bibi Lukresia akiwa bado jikoni na chai ya wageni, Bi Herieth aliisoma karatasi kwa sauti, watu wakapiga makofi. Ajuza mmoja tu hakupiga. Alikuwa Bibi Eliona, dada yake Elinipendo, aliyeteremka kwa fimbo kutoka kitongoji cha juu.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Bi Herieth. "Rudia tena. Labda ni masikio yangu. Sijasikia jina la kaka yangu."

Bi Herieth alirudia taratibu. Jina halikuwemo.

"Hatuna hata picha yake moja," Bibi Eliona alisema. "Niliposikia habari ya kibao, nikajua angalau ataandikwa mahali." Akageuka kwenda zake.

Digna hakuweza kuvumilia. Alimkimbilia, akasimama mbele yake huku machozi yakimtoka. "Shikamoo, bibi. Kosa ni langu. Niliambiwa yote, nikaficha. Nilimwonea babu uchungu."

Bibi Lukresia alikuwa ametoka jikoni, akasikia yote. Alisogea, uso umemjaa huzuni. "Uliniambia mkono umechoka, kwa hiyo sikumaliza. Baada ya mazishi babu yako alipanda hadi kwao Elinipendo, ameshika jani la sale. Hakumsingizia fundi wala mvua. Alisema, 'Nilijua breki ni mbovu. Nisameheni.'"

Digna alilijua jani la sale. Kwa Wachaga, anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, nawe humrudishi mikono mitupu.

"Nilikuwepo," Bibi Eliona alisema. "Baba alilia sana. Kisha akalipokea."

Digna aliketi kwenye ngazi ya lori akaandika upya, tangu magunia ya kahawa hadi jani la sale. Bi Herieth aliisoma karatasi mpya, akaikunja kwa uangalifu. "Hii ndiyo itakayoandikwa kwenye kibao," alisema.

Lori lilipandishwa juu ya gari kubwa, likashuka kilima polepole. Digna alilia kama siku ya mazishi, na bibi yake alilia pia.

"Mjukuu wangu," Bibi Lukresia alisema hatimaye, "ulidhani unamlinda babu. Ulipoficha kosa lake, ulificha na ujasiri wake wa kulikiri, na Elinipendo ukamfuta kabisa. Tukiwapenda waliokufa, tuwaseme kama walivyokuwa."

"Nimeelewa, bibi."

Digna alimshika mkono Bibi Eliona, akamsindikiza kupanda kilima. Njiani ajuza alimwomba amsimulie tena yale aliyoandika. Digna alianza, na safari hii hakuruka neno.