Chepkurui na Neno la Mvua

Kila asubuhi Chepkurui alijaza maji kwenye chupa, akafunga viatu vyake, akaenda kungoja wageni chini ya Mlima Longonot. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza hadi juu. Njia aliijua yote, hata mahali panapoteleza. Kiingereza alikijua cha kuongea tu.

Jumamosi moja alikuja mgeni, mama wa makamo. Usiku kulikuwa kumenyesha mvua kubwa. Mgeni akauliza kama ilinyesha sana. Chepkurui akajibu bila kusita, "It rained hardly."

Mgeni akafurahi. Akaacha buti zake garini, akapanda na raba nyepesi. Walipokaribia juu aliteleza, mguu ukateguka. Chepkurui alimshika begani hadi chini, saa tatu nzima.

"Uliniambia mvua haikuwa kitu," mgeni alisema kwa uchungu.

Jioni Chepkurui alienda kwa jirani yake, Eucabeth, mwalimu aliyestaafu.

"Mwalimu, nilimwambia imenyesha sana. Mbona akaelewa vingine?"

"Ulisema aje?"

Chepkurui akarudia maneno yale. Eucabeth hakucheka.

"Hard ni sana, kwa nguvu. Hardly ni kidogo mno, karibu hakuna. Ulimwambia ni kama haikunyesha."

"Lakini slow inakuwa slowly. Quick inakuwa quickly. Nikadhani na hii ni hivyo."

"Ulifikiria vizuri. Maneno mengi hufuata hiyo njia. Hili limekataa. Hata late limekataa. Late ni kuchelewa. Lately ni siku hizi za karibuni."

Chepkurui akashika kichwa. "Wageni huniuliza kama nimepanda lately. Mimi huwajibu kwamba napanda mapema."

Hapo wote wawili wakacheka.

Eucabeth hakumpa orodha ya kukariri. Kila jioni, wakichambua maharagwe, alimwambia asimulie siku yake kwa maneno hayo. Chepkurui alikosea, akarudia, akakosea tena. Alikuwa ametoka mlimani miguu ikimuuma, na bado hakukosa hata jioni moja. Eucabeth alikuwa amefundisha miaka thelathini, na wanafunzi kama huyo alikuwa amewaona wachache.

"I worked hard today," Chepkurui alisema siku moja. "I hardly ate."

"Sawasawa," mwalimu akasema. "Sasa kula."

Mwezi wa tano mvua ilirudi. Wakaja wageni sita, mmoja wao mzee wa miaka sabini. Wakauliza habari ya mvua.

"It rained very hard," Chepkurui akawaambia. "The path is bad. Please wear your boots."

Wakabadilisha viatu. Walipanda polepole, yeye akiwa mbele akiwaonyesha pa kukanyaga. Mchana, wageni wote sita walishuka kwa miguu yao, matope hadi magotini.

Mzee alimpa mkono, akamuuliza kwa Kiingereza kama amechoka.

Chepkurui akatabasamu.

"Hardly," akasema.