Ngoma Tatu Ndani ya Mkebe

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Zaina alikimbilia kwa mjomba wake Selemani, mwonyesha sinema wa mtaa wao hapa Uvira. Kazi ya Zaina ilikuwa kumwagia uwanja maji ili vumbi litulie, kisha kukaa kando ya mashine, mahali ambapo kila mtoto alipatamani.

Watu walipenda kuliko filamu yenyewe ile alama ya mwanzo, ya kampuni iliyotengeneza filamu zile. Katika filamu kuukuu ilikuwa ngoma peke yake, kimya, kama imesahauliwa. Katika zilizofuata ngoma ikapata sauti, ikavishwa taji la mfalme wa Wazungu. Uhuru ulipofika, taji likaondoka, ukaja mkono mweusi unaipiga: du, du, du! Hapo uwanja mzima ulijibu kwa makofi, hata bibi mwenye mjukuu mgongoni.

Siku moja Zaina alijisifu shuleni kwamba anazo ngoma zote tatu nyumbani.

"Weye muongo!" Honorine, mwenzake wa darasani, akamcheka. "Ngoma ya sinema unaiweka wapi? Ndani ya sufuria?"

Wote wakacheka. Zaina akaumia. Mjomba alikuwa amemfundisha kuunga ukanda wa filamu ukikatika, basi alipokwenda kuswali alasiri, Zaina akashika mkasi. Akakata mianzo ya filamu tatu, akaunga vizuri mashine isije ikakwama, akaficha vipande ndani ya mkebe wa sabuni. Kesho yake watoto walivishika juani, wakaona ngoma ndogo ndogo zimepangana. Honorine akasogea kuona tena. Ah, Zaina alitembea kama bibi harusi!

Jumamosi ikafika. Taa ya mashine ikawaka, watu wakainua mikono tayari kwa makofi. Filamu ikaanza bila ngoma. Mikono ikabaki hewani.

"Mkono wetu iko wapi?" mtu akauliza.

Sévère, kijana wa chama, akasimama. Siku zile za vurugu, neno lake lilitosha kumpeleka mtu kifungoni. "Selemani! Ule mkono ni uhuru wetu. Umeukata kwa nini? Unangoja Wazungu warudi?"

"Minye sijakata kitu, ndugu yangu."

"Muulizeni huyo mtoto," sauti ikatoka nyuma. "Si yeye anashika-shika filamu?"

Selemani akaweka mkono juu ya kichwa cha Zaina. "Huyu nimemlea. Naapa kwa Mungu, hajagusa. Kama kosa iko, ni langu."

Ule mkono kichwani ulimlemea Zaina kuliko mtungi wa maji. Wakafunga mashine, Sévère akachukua ufunguo, Selemani akaambiwa asubuhi ajieleze mbele ya wazee wa mtaa.

Asubuhi wazee walikuwa wameketi, Selemani amesimama kama mwizi, kofia mkononi. Zaina akapita katikati ya watu, akaweka mkebe chini, akaufungua.

"Ni minye. Nilitaka wenzangu wanisifu."

Sévère aliangalia vile vipande, akamrudishia Selemani ufunguo bila kumtazama usoni. Lakini Selemani hakumshukuru Zaina. Hakumgombeza pia, na hilo lilimchoma zaidi. Wazee wakaamuru Zaina aunge ngoma zote pale pale, kila mtu akiona. Gundi ikamwagika kwenye gauni lake.

Jumamosi iliyofuata ngoma ikalia: du, du, du! Uwanja ukajibu. Zaina peke yake alikaa amekunja mikono.

"Mbona hupigi makofi?" Selemani akamuuliza polepole.

"Naona haya, mjomba."

"Ni vizuri uone haya. Lakini sikiliza, mwanangu. Ngoma tumeirudisha kwa gundi. Kiapo changu hakina gundi. Nilimtaja Mungu mbele ya watu kwa ajili yako, na weye ulikuwa unajua. Hicho utakiunga mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kusema kweli kabla mtu hajakuuliza."

Zaina akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akaenda kumwambia Honorine kwamba zile ngoma hazikuwa zake.