Tairi Lisiloisha

Giza lilikuwa halijaingia bado. Ni ule wakati taa za madukani zinawashwa mojamoja na watu wanatembea haraka kama wanaofukuzwa. Mama Kibogoyo alikuwa anashuka barabara ya sokoni, gurudumu la nyuma la baiskeli begani kama mkoba, mtoto mgongoni, moyo nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu. Tairi. Tairi gumu la kudumu, ili mumewe asianguke tena.

Maana jana mume alikuwa ameanguka, na angeweza kufa, na yeye angepata habari akiwa anafua.

Mume huyo kazi yake ilikuwa kupeleka meno ya bandia, kutoka karakana ya fundi meno mpaka kwenye kliniki, kasha mgongoni, mbio. Ndiyo maana mtoto wao, aliyekaribia mwaka bila hata jino moja, baba yake alimwita Kibogoyo. "Baba anagawa meno mji mzima, wewe umenyimwa!" Baiskeli yake ilikuwa ile isiyo na friwili. Gurudumu likizunguka, na pedali zinazunguka, hakuna kupumzisha miguu hata kwenye mteremko. Breki haikuwa nayo. Akitaka kusimama anakaza miguu, gurudumu la nyuma linagoma, tairi linasugua lami... krrrrr... basi, amesimama.

"Si ufunge breki kama watu?" mkewe alimwambia siku zote.

"Breki zinaharibika, mke wangu. Miguu haiharibiki."

Lakini tairi lililiwa mpaka nyuzi zikachungulia. Likapasuka kwenye kona. Sasa amelala na goti limevimba, na kesho anasema atatoka hivyohivyo, hasikii la mtu.

Fundi Spoku, aliyewatengenezea baiskeli tangu hawajaoana, alikuwa anafunga kibanda.

"Shemeji, saizi hiyo imeniishia. Njoo kesho kutwa."

"Kesho asubuhi anatoka, fundi!"

"Basi mfungie mlango, ufiche na suruali." Akacheka, kisha akalishika gurudumu akalitazama tairi. "Ukilipata mahali, usidanganywe na maandishi ya ubavuni. Libonyeze. Liwe nene katikati, liwe na kitambaa cha kuzuia misumari ndani. Lakini litaisha tu. Mtu anayesimama kwa miguu anakula tairi."

"Nimechoka na kuisha, fundi. Nataka lisiloisha."

Fundi hakucheka safari hii.

"Tairi linaisha ili mtu asiishe, shemeji. Na hili la zamani usimwachie mtu likiwa zima. Likate kwanza. Mimi nayakata yote."

Ni kweli, aliyakata. Miaka yote Mama Kibogoyo alidhani ni kwa ajili ya vijana wanaookota na kuuza tena. "Na wewe kwa miiko!" akamwambia, akaondoka.

Akapita uchochoro wa nyuma ya maduka, ule anaoupita kila siku kwenda kuteka maji. Ukuta kulia, ukuta kushoto.

Na kibanda.

Hakuwahi kukiona. Kibatari kilikuwa kinawaka ndani, na matairi yametundikwa kutoka chini mpaka kwenye bati, yote yameliwa, yote mazima, hakuna lililokatwa. Hapakuwa na harufu ya mpira. Palinuka nywele zilizoungua... Mtoto, aliyekuwa analia tangu sokoni, alinyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo.

"Karibu, mama."

Sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Mwanamume amekaa kwenye kigoda. Hakuinuka.

"Natafuta tairi la nyuma. Gumu."

"Unataka linalosimama vizuri... au lisiloisha?"

Angefikiri kidogo. Hata dakika moja tu angefikiri! Lakini mgongo unauma, giza linaingia, mume yuko peke yake na goti lake.

"Lisiloisha."

Mtu yule akatoa tairi jeusi lisilo na maandishi. Mama Kibogoyo akalibonyeza kama alivyofundishwa. Tairi halikubonyea. Kidole ndicho kilichobonyea, na kilichukua muda kurudi. Yule akachomoa la zamani na kuvalisha jipya kwa mikono mitupu, bila chuma cha kutolea, kama anayemvisha mtoto soksi. Hapo ndipo alipoviona viganja vyake karibu na taa.

Havikuwa na mistari.

Hata mmoja. Laini, vimesuguliwa, kama tairi lililokwisha.

"Sh... shilingi ngapi?"

"Niachie la zamani tu."

Maneno ya fundi yakamjia. Lakini kisu hana, na nani anataka tairi bovu? "Chukua," akasema.

Yule mtu akalipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Akapitisha kidole palipoliwa, polepole, kama kipofu anayepapasa uso wa mtu.

"Hapa alisimama, paka akapita... Hapa alisimama, lori likapita... Hapa, mlangoni kwako, jioni... jioni... jioni. Amesimama sana, mumeo."

Akalitundika. Kisha akanyoosha mkono, akaugusa unyayo wa mtoto uliokuwa unaning'inia kwenye kanga.

"Na huyu bado hajasimama."

Mama Kibogoyo alinyakua gurudumu, akakimbia. Hajui alifikaje nyumbani.

Mume alilifurahia! Akalifunga palepale chumbani, baiskeli juu chini, akasukuma pedali mara moja. Gurudumu likazunguka bila sauti. Wakalitazama. Likazunguka. Chai ikapoa, likazunguka. Mpaka mume akashika pedali akaivuta, na gurudumu likatulia taratibu, kama mtu aliyekubali kungoja kidogo.

"Mama Kibogoyo, hili ndilo!"

Alitaka kumwambia kuhusu viganja. Akaona aibu. Atachekwa, mwanamke aliyesoma mpaka sekondari anaogopa muuza matairi. Alinyamaza, na asubuhi mume akafunga mikanda ya pedali juu ya viatu, akampungia mkono Kibogoyo, akaenda.

Jioni mkewe alikuwa mlangoni, mtoto mkononi, alipomwona anatokea konani. Akashukuru. Akaanza hata kutabasamu.

Mume akapita.

Alipita mlango wao, uso umejaa jasho, miguu ameikaza mpaka mishipa imesimama, na pedali zinamzungusha kama mtu anayeburutwa na ng'ombe.

"Halisimami!" akapiga kelele. "Mke wangu, halisimami!"

"Ruka! Baba Kibogoyo, ruka!"

"Miguu haitoki!"

Akapinda konani. Hapakuwa na krrrrr. Tairi lilipita juu ya lami kimya, kama maji. Akazunguka mtaa, akarudi, akapita tena. Kasha la meno ya watu bado mgongoni, yanagongana humo ndani, ka-ka-ka-ka.

Mama Kibogoyo alimkimbilia Fundi Spoku. Fundi alimsikiliza nusu tu.

"La zamani liko wapi?"

"Nimemwachia."

"Zima?"

Fundi akachukua kisu, wakaenda uchochoroni. Ukuta kulia, ukuta kushoto. Harufu ya nywele tu. Fundi akapapasa matofali kwa muda mrefu, akaita, akatukana, akaomba. Mwishowe akarudisha kisu mfukoni.

"Kwenye lile la zamani ndiko kulikokuwa na kusimama kwake kote," alisema. "Sasa atasimamia nini?"

Walirudi mtaani. Baiskeli ilipotokea, fundi aliingiza mti mnene kwenye spoku. Mti ukakatika kama kiberiti. Ilipozunguka tena akajitupa, akalikamata tairi kwa mikono yote miwili, akaning'inia nalo, akaburutwa mpaka mwisho wa nyumba. Mume alikuwa anamlilia, "Niachie, ndugu yangu, niachie, utaumia!"

Fundi akaanguka. Mama Kibogoyo akamwahi na kitambaa, akijua atakuta nyama tupu.

Hakukuwa na damu.

Fundi alikuwa amekaa chini, anavigeuzageuza viganja vyake kwenye mwanga wa mlango. Laini. Havina hata mstari mmoja.

"Shemeji," alinong'ona, "sasa namjua yule alikuwa nani. Alikuwa fundi tu. Kama mimi."

Kesho yake kibanda chake hakikufunguliwa, wala hakijafunguliwa tena. Alikokwenda, hakuna ajuaye.

Mume bado anapita. Kila jioni, taa za madukani zikiwashwa. Mwanzoni alikuwa anaita jina la utani la mtoto, halafu akawa anaomba maji, na mkewe anakimbia kando yake na kikombe, yanamwagika yote. Sasa hasemi. Amekonda mpaka nguo zinapepea. Majirani wameacha kuangalia. Wanafunga madirisha na kuongeza sauti ya redio. Na mkewe kila siku anapita uchochoroni na kisu kwenye kanga, anagusa ukuta, ananusa. Siku moja kibanda kitakuwepo, anajiambia. Ataingia, atalitafuta lile tairi kati ya yote yale, atalikata. Lakini yalikuwa mengi sana... na yote yamefanana.

Mtoto wa watu wa rika la Kibogoyo anashika kiti, anasimama, anaanguka, anacheka. Kibogoyo hasimami. Ukimsimamisha, magoti yanakunjuka, yanakunjika, zamu kwa zamu. Usiku ule aliotoka kibandani, mamake alimgeuza akaangalia unyayo ulioguswa. Hajauangalia tena. Anamvalisha soksi hata kwenye joto.

Jioni anamlaza mapema, anambana na mto, anakaa kando. Nje barabara iko kimya. Kisha kwa mbali... ka-ka-ka-ka... meno kwenye kasha, yanakaribia.

Na chini ya shuka miguu ya mtoto aliyelala inaanza kuzunguka. Polepole kwanza. Kisha kwa mwendo wa yule anayepita dirishani.

Anaikamata kwa mikono miwili. Anaibana na kifua.

Haisimami. Na viganja vyake vinaanza kupata moto.