Hilda Arudi Kwenye Hesabu

Asubuhi ile Hilda alikuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani, katika shamba lao la migomba na kahawa. Baba yake, mzee Remigius, alikuwa akiondoa machipukizi kwenye mibuni. Ilikuwa wiki ya Krismasi. Kijiji kizima cha Kilema kilijaa watoto waliorudi nyumbani, na kila mzazi alitaka kusimulia habari za wa kwake.

Mzee Remigius hakubaki nyuma. Alikwisha kuwatangazia watu nje ya kanisa kwamba Hilda anakwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili. Kumbe Hilda alikuwa hajaomba hata nafasi! Mwaka uliopita aliomba, akakataliwa. Sasa muda wa kuomba tena ulikuwa karibu kwisha.

"Safari hii utapata," baba alisema. "Ukikataliwa tena, basi. Utakwenda kumsaidia shangazi yako dukani Bomang'ombe."

Hilda aliendelea kukata majani. Hakulidharau duka. Ila moyo wake ulikuwa kwenye masomo yale ya kutumia hisabati kupima hatari za bei, mikopo na bima. Alikwisha kumweleza baba yake kwa kirefu. Mzee alisikia neno moja tu, fedha.

"Mtoto wa Kichagga afundishwe fedha?" alicheka. "Hiyo tumezaliwa nayo!"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, maana Hilda naye aliamini kwamba kinachotakiwa ni kujua fedha tu. Alikuwa na shahada ya biashara. Alipokataliwa, alisoma kozi fupi ya biashara, kisha nyingine ya uhasibu. Hisabati yenyewe alikuwa hajaigusa tangu sekondari.

Jioni alikwenda kwa jirani yao Mektrida, anayefundisha hisabati chuo kikuu Dar es Salaam. Naye alikuwa amekuja kula Krismasi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu mtori."

Walikula mtori ule wa ndizi na nyama, na Hilda akamweleza shida yake. Mektrida alifikiri kidogo.

"Nikuulize swali la kahawa," alisema. "Mnunuzi anakuja leo kwa baba yako. Anasema, 'Nipe haki ya kununua kahawa yako wakati wa mavuno, kwa bei tutakayokubaliana sasa. Bei ya soko ikishuka, sitanunua.' Haki hiyo ailipie kiasi gani leo?"

"Inategemea bei itakavyokuwa wakati wa mavuno."

"Unaijua?"

"Hapana."

"Basi ndiyo kazi yenyewe. Huijui, lakini lazima uipime. Kwa hiyo unahitaji hesabu za uwezekano. Unahitaji kalkulasi, yaani hesabu ya vitu vinavyobadilika. Unahitaji matriki, namba zilizopangwa kwa safu, ili upime bei nyingi kwa pamoja. Na ujue kuandika programu za kompyuta, maana kwa mkono hutamaliza. Mambo ya masoko watakufundisha kulekule. Hisabati wanataka uje nayo."

"Nitaiweza kabla ya muda kwisha?"

"Hutaiweza. Mwaka huu usiombe. Soma mwaka mzima, ufanye mitihani, wayaone matokeo yako."

Hilda alirudi nyumbani. Alipomweleza baba yake, mzee aliwaka.

"Mwaka mzima! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako! Na watu nimeshawaambia. Nitauficha wapi uso wangu?"

"Nisamehe, baba," Hilda alisema. "Nikiomba sasa nitakataliwa, na nitaipoteza kabisa nafasi hii. Mwaka huu siombi."

Hakuwahi kumkatalia baba yake jambo lolote. Mzee alitoka nje, na kwa siku nyingi akawa anajibu salamu tu.

Mwaka mpya ulipoanza, Hilda alijiandikisha masomo ya jioni katika chuo kimoja mjini Moshi. Asubuhi alikata majani, kisha akafungua vitabu. Mwanzoni alikariri kanuni. Kila Jumapili Mektrida alimpigia simu.

"Usinitajie kanuni," alimwambia. "Niambie kwa nini ni kweli."

Hilda alikwama, na siku nyingine alilia. Halafu akajifunza kuanza na maswali mepesi, kuyafanya kwa mkono, na kuyaeleza kwa sauti. Ng'ombe wa mzee Remigius walisikia hisabati nyingi mwaka ule.

Alipofikia somo la kompyuta, aliandika programu iliyotumia bei za zamani za kahawa kuchora njia ambazo bei ingeweza kufuata. Mzee alipita nyuma yake, akasimama.

"Hiyo ni kahawa yetu?"

"Ni bei zinazoweza kutokea, baba. Tazama, hapa inapanda. Hapa inaanguka."

Mzee aliketi. Aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Tangu kesho yake, majani ya ng'ombe aliyakata yeye mwenyewe, bila kuombwa.

Muda ulipofika, Hilda aliomba. Alituma matokeo ya mitihani, programu yake, na barua ya mwalimu aliyeijua kazi yake. Wenye chuo walimhoji kwa simu, akajibu na kueleza kwa nini kila jibu ni kweli. Baada ya majuma kadhaa jibu likaja. Amekubaliwa, tena na ufadhili.

Mama yake Hilda alipiga vigelegele. Mzee Remigius alikaa kwenye benchi, machozi yakimtoka bila aibu.

"Ningekulazimisha siku ile," alisema, "leo ungekuwa unapima sukari dukani."

"Yamekwisha, baba."

"Hayajakwisha, sijakushukuru. Aika, mwanangu. Asante kwa kunikatalia."