Vidole Ndani ya Ini

Jua lilikuwa linazama Bibi Barafu alipofungua friji ya maabara kutoa kibonge cha ini. Jina hilo alipewa na wenzake, maana kutwa kazi yake ni kukata nyama iliyoganda, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Mashine huchoma kila kipande kwa mwale wa leza na kuchora ramani ya madini yaliyomo: chuma kwa rangi nyekundu, zinki kwa buluu, sumu kwa njano.

Ini lilikuwa la mume wa shangazi yake, lililotolewa kabla hajazikwa. Ndugu wa marehemu walishahukumu: mke ndiye aliyemlisha sumu, na kama kesho asubuhi hana karatasi ya kumsafisha, atatoka kwenye ile nyumba na nguo alizovaa. Shangazi huyo ndiye aliyemlea Bibi Barafu.

Ramani ya kwanza ilimkera. Njano hakuna hata chembe, lakini katikati chuma kilijikusanya chote pamoja, chekundu, mfano wa ngumi.

"Umekiyeyusha," alisema mkuu wa maabara. "Kikilegea kidogo tu, madini yanahama. Siweki saini hapo. Rudia."

"Sijakiyeyusha, mkuu."

"Basi mashine imerogwa." Akacheka, akarudi ofisini kwake.

Bibi Barafu akarudia, kanuna. Harufu ya nyama iliyoungua ikajaa chumbani. Ramani ya pili... ngumi ileile.

Kidole kimoja kimenyooka.

Alisonya. Akafuta kisu, akabadili glavu, akapima baridi upya. Kipande cha tatu, vidole viwili. Cha nne, vitatu. Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Miaka tisa ya kazi hii, na leo ndiyo siku ya kushindwa. Cha tano, vinne. Ini lililobaki lilitosha kipande kimoja tu.

Simu ikatetemeka. Shangazi.

"Mwanangu," sauti ilikuwa chini sana. "Umekata vingapi?"

Hakuwa amemwambia kwamba anakata.

"Vitano."

"Acha hapo."

"Niache vipi, shangazi? Kesho wanakutoa."

"Na wanitoe. Acha, nakuomba."

Bibi Barafu alikata simu. Maji alishayavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Krrr... kisu kikapita. Mwale ukafuata. Ramani ikajichora mstari kwa mstari, na ilikuwa safi. Chuma kimetawanyika sawasawa. Njano hakuna. Mkono haupo.

"Unaona? Ulikuwa unayeyusha," alisema mkuu, akatia saini, akaenda zake nyumbani.

Bibi Barafu alimpigia shangazi kwa furaha. "Imetoka. Hakuna sumu. Hata ile alama ya mkono imeondoka."

Shangazi akaanza kulia, kama mtu anayejizuia asisikike.

"Sumu sikumpa," alinong'ona. "Nilikwenda kwa mganga, nilitaka tu ashikwe, asiniache. Huo mkono ukamshika mno. Mganga akaniambia nisiogope, mkono utazikwa naye."

"Si alizikwa, shangazi?"

"Ini hamkulizika, mwanangu."

Bibi Barafu akakitazama kisu. Chini ya mbavu zake za kulia, ndani kabisa, ubaridi ukamgusa mahali pamoja.

Kisha mahali pa pili.

Kisha pa tatu.