Bangili Mguuni mwa Sunniva

Sunniva alikuwa jikoni anakaanga samaki. Binti yake, Ragna, alikuwa mezani anafanya hesabu za shule. Baba mkwe wake, mzee Oddvar, alikuwa anavaa buti ili akatoe theluji nje. Mumewe alikuwa mbali baharini na meli ya uvuvi.

Wote watatu walikuwa wanaongea kwa kunong'ona.

"Mama, nikipiga chafya watasikia?" Ragna aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Jizuie tu."

Kwenye rafu ya sebuleni kulikuwa na kisanduku cheusi kilichowekwa na ofisi ya uangalizi wa wafungwa. Mguuni Sunniva alivaa bangili ya plastiki isiyovuliwa. Kabla ya baridi kuanza, aliendesha gari akiwa amelewa, akagonga kibanda cha kituo cha basi. Kibandani hapakuwa na mtu. Ilikuwa bahati tu. Alihukumiwa kifungo, akaomba akitumikie nyumbani, akakubaliwa.

Aliruhusiwa kwenda kazini, kiwanda cha samaki. Saa nyingine zote alitakiwa awe ndani ya nyumba, na asionje pombe kabisa. Akitoka bila ruhusa, bangili ingeiarifu ofisi ya uangalizi. Akivunja masharti, angeweza kupelekwa gerezani.

Hofu hiyo haikumtoka hata akiwa usingizini. Na aibu nayo ilimtafuna. Bangili aliificha kwa soksi nene, majirani wasijue.

Mara nje kukasikika kishindo, kisha ukelele. Ragna alikimbilia dirishani.

"Mama! Babu ameanguka!"

Mzee Oddvar alikuwa ameteleza kwenye barafu ya mteremko hadi kando ya barabara. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda vibaya.

Sunniva alizima jiko, akakimbia hadi mlangoni. Pale akasimama. Nikitoka nitafungwa, aliwaza. Ragna atabaki na nani?

"Mama, nenda!" Ragna alilia.

"Usitoke!" mzee alipiga kelele kutoka kule chini. "Rudi ndani, mwanangu! Mimi sijambo!" Lakini hata kichwa hakuweza kukiinua.

Sunniva akatoka. Hakuvaa koti. Aliita gari la wagonjwa kwa simu huku anakimbia, kisha akavua sweta lake na kumfunika mzee.

Jirani yao, Aslaug, nesi aliyestaafu, alikuja mbio na blanketi.

"Usimwinue," alisema. "Huo mguu umevunjika. Tumfunike tu, baridi isimmalize."

Simu ya Sunniva ikalia. Ilikuwa namba ya ofisi ya uangalizi. Aliitazama, akairudisha mfukoni.

"Mbona hupokei?" Aslaug aliuliza.

"Ni... ni watu wa benki."

"Benki gani!" mzee Oddvar alisema, meno yakigongana. "Ni watu wa bangili. Mwambie ukweli mama wa watu."

Aslaug akatazama chini. Soksi ilikuwa imeteremka.

"Kumbe ni hiyo inayokufanya upite kwangu bila salamu? Mpwa wangu alivaa kama hiyo. Pokea, mdogo wangu! Ukinyamaza watadhani umetoroka. Ukiongea watajua kuna nini."

Sunniva akapokea.

"Nimetoka nje," alisema. "Najua sina ruhusa. Baba mkwe wangu ameanguka, amevunjika mguu. Nimeita gari la wagonjwa."

Aliyepiga alikuwa Jorunn, afisa anayemsimamia. "Kaa naye mpaka gari lifike," alisema kwa utulivu. "Wakimchukua, rudi ndani unipigie. Mimi nitawauliza hospitali."

"Hamtanipeleka gerezani?"

"Kwa kumsaidia mtu aliyeumia? Hapana. Ila ungezima simu, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Kesho yake Jorunn alikuja nyumbani. Kama kawaida, alianza kwa kumpima Sunniva pumzi. Hakukuwa na pombe. Kisha akashangaa.

"Mbona mnanong'ona? Kuna mtu amelala?"

Ragna alinyoosha kidole kwenye kisanduku. "Kinatusikiliza."

Jorunn akacheka. "Hakina masikio hicho. Kinajua jambo moja tu: bangili iko karibu au haiko. Ongeeni, imbeni, gombaneni mkitaka! Ila msikichomoe kwenye umeme."

Kisha akamgeukia Sunniva. "Jambo likitokea ghafla, msaidie mtu, halafu nipigie papo hapo. Ukiwa na safari, niombe mapema. Usitoke kwa kubahatisha."

"Hata kwenda kumwona mzee naweza kuomba?"

"Si ndiyo unaomba sasa?"

Ruhusa ikatoka. Sunniva alipanda basi hadi hospitali. Alimkuta mzee ameshapasuliwa mguu na midomo ameibetua.

"Uji wa hapa," alisema, "hata paka angeususa." Sunniva akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wakati wa kurudi, theluji ilifunga barabara mlimani. Basi likasimama. Saa yake ya kuwa nyumbani ilikuwa inakaribia. Ndani ya basi palikuwa kimya. Baadhi ya abiria walikuwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Akipiga simu, wote wangesikia.

Aliinuka, akaenda mbele kwa dereva, akapiga.

"Jorunn, ni Sunniva. Basi limekwama kwenye theluji. Nitachelewa kufika nyumbani kwenye kifungo changu. Dereva huyu hapa, muulize."

Dereva alichukua simu. "Ni kweli, mama," alisema. "Hata mimi nimefungwa naye hapa."

"Nimeelewa," Jorunn alimwambia Sunniva. "Ukifika nijulishe."

Sunniva akageuka. Macho ya abiria wote yalikuwa usoni pake. Torbjørg, aliyefanya naye kazi meza moja, aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

"Njoo ukae hapa, huko nyuma kuna baridi," alisema. "Nina kahawa. Halafu unieleze hicho kifungo cha nyumbani kikoje. Kaka yangu anaanza cha kwake wiki ijayo, na amejifungia chumbani, hasemi na mtu."

Sunniva akakaa. Akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kwanza," alisema, "mwambie simu asiizime."